Kuosha Vyuma vya Gari Nyumbani: Tuchague Chombo Gani?

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa, na ana daftari na kalamu yake, maana leo katikati ya somo tutafanya hesabu kidogo. Walimu, tafadhali andikeni maneno haya manne ubaoni: mvuke, cheche, koki, kutu. Tutakutana nayo mbele.

Darasa la Mkange, katika wilaya ya Bagamoyo, limeniletea barua. Mwanadarasa mmoja amenunua Land Rover kuukuu, ya zamani za wazee wetu, iliyokaa chini ya mwembe miaka mingi hata kuku wakataga ndani yake. Ana nia ya kuifufua polepole uani kwake, kwa mikono yake na ya mwanawe. Injini amekwisha kuifungua. Vyuma vimelala juu ya gunia, vimejaa grisi iliyokauka na mchanga. Sasa anauliza: je, anunue mashine ya kuoshea vyuma aliyoiona Dar es Salaam, au aendelee kutumia beseni la nyumbani? Mkewe, barua yasema, amekwisha kutoa jibu lake kuhusu beseni.

Swali hili ni jema, na si la watu wa Mkange peke yao. Siku hizi karibu kila kijiji kina mtu anayefungua injini ya pikipiki, ya bajaji au ya mashine ya kusaga. Wote huosha vyuma. Basi tulitazame.

Kwanza, kwa nini tunaosha? Si kwa ajili ya uzuri. Mchanga ukibaki kati ya pistoni na silinda hufanya kazi ya msasa: kila pistoni inapopanda na kushuka, inakula chuma. Tena ufa mwembamba katika kichwa cha silinda hauonekani chini ya grisi. Fundi anayefunga injini chafu ataifungua tena, na gasketi atanunua mara ya pili.

Wengi huosha kwa petroli, kwa sababu petroli hukata grisi upesi na hukauka upesi. Hapo ndipo ilipo hatari, na hapo nataka tukae kidogo.

Petroli yenyewe iliyo katika beseni siyo inayoshika moto kwanza. Unaoshika moto ni mvuke wake, yaani ile hewa ya petroli inayopanda kutoka katika beseni. Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hauendi juu kama moshi. Hutambaa chini kama maji yanayotafuta bonde. Hutambaa mpaka ukutane na jiko, sigara au cheche ya waya, kisha moto hurudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye beseni.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipanga chumba katika nyumba moja yenye gereji uani. Kijana mmoja alikuwa akiosha kabureta kwa petroli katika beseni la plastiki. Upande wa pili wa ua, mbali naye kama hatua kumi, mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi. Hakuna aliyemwaga kitu, wala aliyewasha kiberiti. Tulisikia mshindo kama wa shuka linalokung'utwa, na yule kijana alikuwa amesimama mikono yake ikiwaka. Alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia havikukunjuka tena vizuri, na kazi ya ufundi akaiacha. Na wengi mnakumbuka Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la petroli lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Petroli ya lori na petroli ya beseni ni moja.

Wataalamu wamepima kila mafuta huanza kutoa mvuke wa kuwaka katika joto gani. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi kali sana, nyuzi kama 40 chini ya sifuri. Yaani kwetu pwani hakuna saa, mchana wala usiku, ambayo petroli ni salama. Mafuta ya taa kwa kawaida hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yafike joto la nyuzi 38 au zaidi, na dizeli huhitaji zaidi ya 50. Kwa hiyo mafuta ya taa ni bora kuliko petroli kwa kazi hii, na dizeli ina usalama zaidi ingawa huacha utelezi mwingi na hukauka polepole.

Lakini angalieni ile nambari 38. Kivulini Mkange, siku ya jua kali, joto hukaribia nyuzi 35. Weka karai la chuma juani saa nane mchana, kisha ligusie mkono. Litakuunguza. Mafuta ya taa yaliyo ndani yake yamepita 38, na sasa yana tabia ya petroli. Basi kazi hii ifanyike kivulini penye upepo, mbali kabisa na jiko.

Jambo jingine ni ununuzi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana yalikuwa yakichanganywa katika dizeli. Tangu hapo hayakuwa tena mafuta rahisi, na ndiyo sababu baadhi ya mafundi walirudia petroli. Yanunueni kwenye kituo cha mafuta. Yale ya chupa ya kando ya njia huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Sasa tuje kwenye chombo.

Beseni la plastiki tuliweke kando. Linalainika kwa mafuta, linapasuka, na likishika moto linayeyuka na kumwaga moto wote chini. Mama wa nyumba ile ya Mkange ameshinda kesi yake.

Mashine ya dukani ni kitu kizuri. Ni beseni la chuma lililokaa juu ya tangi au pipa. Pampu ndogo huvuta mafuta kutoka chini, huyapitisha katika mpira wenye brashi, nawe unasugua chuma huku mafuta yakitiririka na kurudi chini. Chombo cha namna hii kilibuniwa na Ben Palmer, mtu wa mji wa Milwaukee huko Marekani, katika miaka ya 1950, na kutokana nacho ilizaliwa kampuni ya Safety-Kleen. Jambo la busara zaidi katika mashine hizi ni kifuniko. Kifuniko hushikwa juu na kiungo kidogo cha madini laini yanayoyeyuka upesi. Moto ukitokea, kiungo huyeyuka, kifuniko huanguka chenyewe, na moto unakosa hewa na kufa. Mtu hana haja ya kukimbilia pale.

Ukitaka kuinunua, usitazame rangi. Soma kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma. Umeme wetu ni volti 230. Mashine nyingi zilizotoka Marekani zimeandikwa 110 au 120, na ukiichomeka hivi hivi, pampu itaungua siku hiyo hiyo. Kisha soma imetengenezwa kwa maji na sabuni au kwa mafuta. Iliyotengenezwa kwa maji usiitie mafuta ya taa hata mara moja, maana pampu yake au kipasha joto chake kinaweza kutoa cheche. Na petroli haiingii katika mashine yoyote. Kama kibao kimeng'olewa, iache hapo hapo dukani, hata muuzaji akipunguza bei.

Kwa maoni yangu lakini, mtu anayefufua gari moja nyumbani hana haja ya mashine ya umeme. Fedha hiyo itamfaa kwa ringi za pistoni. Achukue pipa la chuma la lita 200 na ampelekee fundi bati.

Pipa lina upande mmoja wenye vizibo viwili, kikubwa na kidogo. Upande huo ndio tunaoutaka. Likatwe kwa kupita mzunguko wake, sentimeta 30 kutoka upande wa vizibo, kisha kipande hicho kigeuzwe, vizibo viwe chini. Hapo umepata karai pana la chuma, na katika tundu la kizibo kidogo unafunga koki ya kutolea uchafu. Liwekwe juu ya meza imara ya chuma au ya matofali, kimo cha kiuno, likiinama kidogo upande wa koki.

Simameni hapa kidogo. Pipa tupu ni hatari kuliko pipa lililojaa. Mafuta yamekwisha, lakini mvuke umebaki, nalo likikatwa kwa gesi au kwa mashine inayotoa cheche hulipuka kama bomu. Lioshwe kwa maji moto na sabuni mara kadhaa, lijazwe maji, ndipo likatwe kwa patasi na nyundo. Fundi akisema ana haraka, mtafute mwingine.

Ndani ya karai tia maji safi, kimo cha sentimeta 5, yapata lita 13. Juu ya maji, kama sentimeta 7 kutoka chini, kaza wavu wa chuma. Kisha mimina lita 20 za mafuta ya taa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yataelea juu, na vyuma vitakaa juu ya wavu ndani ya mafuta. Ukisugua, mchanga na tope huzama, hupita katika wavu na kuingia katika maji. Huko chini hukaa. Mafuta ya juu yanabaki bila mchanga, na ukifungua koki polepole, tope na maji hutoka kwanza. Mafuta yatakuwa meusi siku hadi siku, maana grisi inayeyuka ndani yake, na mwisho itabidi kuyabadili. Lakini hayatakuwa na mchanga.

Sasa hesabu. Tuseme fundi wa beseni hutumia lita 5 kila siku ya kuosha, kisha humwaga. Kazi yote ya Land Rover imchukue siku 16. Ametumia lita ngapi? Andikeni. 5 mara 16 ni 80. Fundi wa pipa ameanza na lita 20, na kila baada ya siku mbili anaongeza lita 1. Siku 16 ataongeza lita 8. Jumla 28. Toeni 28 katika 80. Mmepata 52? Vema. Sasa kila darasa lizidishe 52 kwa bei ya lita moja ya mafuta ya taa mahali penu, mpate fedha iliyookolewa. Mlinganishe na malipo ya fundi bati.

Kifuniko kisisahauliwe. Fundi bati akitie bawaba, nacho kishikwe wazi kwa kamba nyembamba ya nailoni iliyopita juu ya karai. Moto ukiwaka, kamba itayeyuka na kifuniko kitashuka. Karibu yake weka ndoo mbili za mchanga. Maji hayazimi moto wa mafuta, huyatawanya tu. Na jioni kifuniko kifungwe kwa kufuli, kwa sababu watoto huona mafuta ya taa kama maji ya kunywa.

Si kila chuma kioshwe humo. Sehemu za breki zenye mpira zisiingie katika mafuta ya taa, kwani mpira huvimba, na breki iliyovimba humshika mtu njiani. Hizo huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta yenyewe ya breki. Kostiki soda, ile inayotumiwa na akina mama watengenezao sabuni, huondoa grisi ya chuma cheusi vizuri sana, lakini hula aluminiamu. Pistoni na kabureta zikilala humo usiku mmoja, asubuhi hutazitambua. Bloku ya injini ni nzito mno kwa karai letu. Ioshwe chini, juu ya bati, kwa dizeli na brashi, na mafuta yakingwe.

Vaa glavu za mpira, zile nzito. Mafuta ya taa hukausha ngozi ikapasuka. Na kukausha beringi kwa kuizungusha na upepo wa kompresa, kama vijana wafanyavyo kwa mchezo, kunaweza kuivunja na kurusha vipande usoni.

Chuma kikitoka, kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kipake mafuta ya injini saa hiyo hiyo na kukifunga katika karatasi. Mkange si mbali na bahari, na upepo wa chumvi huleta kutu kwa usiku mmoja.

Limebaki lile tope la koki. Lisimwagwe mferejini wala karibu na kisima, maana mafuta yakiingia katika maji ya kisima yatawatesa majirani muda mrefu. Litiwe katika dumu la zamani, liandikwe kwa rangi MAFUTA MACHAFU, lifungwe, lipelekwe kwa wanaokusanya oili chafu kwenye gereji kubwa za mjini. Maneno hayo mawili kila mwanadarasa ayaandike mara tano katika daftari lake, kwa herufi kubwa, na mwalimu ayasahihishe kabla ya kipindi kijacho.

Kwaherini.