Zizima na Sakitu: Maneno Mawili ya Baridi Nyeri

Kitenzi "zizima" maana yake ni kuwa baridi sana. Kikinenwa kuhusu maji ya mtungini, ni sifa njema: maji yaliyozizima hukata kiu. Mzizima, jina la kale la Dar es Salaam, huhusishwa na baadhi ya watu na kitenzi hicho. Lakini Nyeri, Karatina na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya (mita 5,199), "baridi ya kuzizima" ya Juni hadi Agosti ni mashaka. Hata hivyo, isichanganywe na "sakitu", yaani umande ulioganda, uunguzao majani ya chai. Baridi yaweza kuzizima pasipo sakitu. Mkulima aonywaye kwa "baridi kali" tu hajui ajihadhari na lipi. Yafaa, basi, maneno haya yafundishwe pamoja na mipaka yake.