Lithiamu ya Manono na siri ya elektroni yake ya tatu

Kwa miaka kadhaa sasa, mji wa Manono katika jimbo la Tanganyika, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekuwa ukitajwa katika habari kwa sababu ya lithiamu. Mji huo, uliofahamika enzi za ukoloni kwa machimbo ya bati, umekalia moja ya hazina kubwa za lithiamu duniani, na mzozo wa leseni baina ya kampuni ya AVZ Minerals ya Australia na upande wa Kongo umefikishwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Ni nadra kuelezwa kwa nini madini hayo hasa ndiyo yanayogombewa. Jibu limo ndani ya atomu.

Mwaka 1911, Ernest Rutherford alionyesha kuwa karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo mno. Miaka miwili baadaye, Niels Bohr wa Denmark alieleza kuwa elektroni hazikizunguki kiini hicho ovyo, bali hukaa katika ngazi maalumu za nishati, ziitwazo maganda. Ganda la kwanza huchukua elektroni 2, la pili 8. Wanasayansi waliofuata waliirekebisha picha hiyo, kwani elektroni haina njia inayoweza kuchorwa kama ya sayari, lakini hesabu ya maganda ilibaki.

Lithiamu ina elektroni 3 tu. Mbili hulijaza ganda la kwanza. Ya tatu hukaa peke yake katika ganda la pili, mbali zaidi na kiini, huku zile mbili zikiikinga na mvuto wake. Mpangaji wa namna hiyo hahitaji kusukumwa sana ili ahame. Akihama, atomu hubaki na chaji chanya, nayo huitwa ayoni. Sodiamu pia ina elektroni moja ya nje, ila atomu yake ni nzito zaidi ya mara tatu, na simu hubebwa mfukoni.

Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu husafiri ndani yake hadi upande wa grafiti, na elektroni hufika huko kupitia waya wa nje. Simu inapotumika, safari hugeuka, na elektroni zinazorejea kwa njia ya waya ndizo umeme wenyewe.

Katika mwamba wa Manono, hata hivyo, lithiamu ilikwisha kuiachia elektroni hiyo zamani, na imefungamana na alumini, silikoni na oksijeni. Kuitoa humo kwa kawaida huhitaji tanuri la zaidi ya nyuzi joto 1,000 za Selsiasi, kisha asidi kali. Sehemu kubwa ya thamani huongezeka katika hatua hizo. Kwa wakazi wa Manono, basi, swali la mahali tanuri hilo litakapojengwa si dogo kuliko lile la nani ana leseni.