Mtu, Kitu na Utu: Lugha na Haki Nchini Kwetu

Shina -tu ni dogo, lakini limebeba mengi. Likipata kiambishi m-, tunapata mtu. Likipata ki-, tunapata kitu. Likipata u-, tunapata utu. Ngeli hiyo ya u- hutaja hali au sifa, kama katika utoto, uzee na uzuri. Basi utu ni hali ya kuwa mtu, ile inayomtenga mtu na kitu.

Lugha nyingine tatu za taifa zina neno lake pia: bumuntu kwa Kiluba cha Kasai, bomoto kwa Kilingala, kimuntu kwa Kikongo. Kiswahili huweka kiambishi kwenye shina lenyewe, ilhali hizo tatu hukiweka mbele ya neno zima, muntu au moto. Katika zote nne, neno limejengwa juu ya mtu, si juu ya cheo, mali wala elimu.

Je, sheria inamtambuaje huyo mtu? Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 18, inaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, tena katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku 60 tangu zitangazwe rasmi.

Maandishi hayo yana utu. Shida iko kwenye meza ya ofisi. Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo kwenye ofisi moja. Alipewa karatasi ya Kifaransa, akauliza imeandikwa nini. Akajibiwa: «Mama, weka tu kidole.» Kidole chake kilihitajika, yeye mwenyewe hakuhitajika. Hapo ndipo mtu anapogeuzwa kitu, bila kupigwa wala kutukanwa.

Wapo wanaosema kwamba nchi yenye lugha zaidi ya 200 haiwezi kuendesha kazi zake bila Kifaransa. Ni kweli kwamba tunakihitaji, na Katiba yenyewe inakiita lugha rasmi. Lakini kifungu cha 18 hakimwombi hakimu aache Kifaransa; kinadai tu kwamba aliye mbele yake aelewe. Madai hayo yanahitaji mkalimani aliyefundishwa, fomu yenye lugha mbili, na istilahi zisizobadilika kutoka ofisi hadi ofisi.

Hapo sisi wa kitivo cha lugha tuna kazi. Maneno kama mshtakiwa, mlalamikaji, dhamana na rufaa yamo katika Kiswahili sanifu, lakini Lubumbashi, ambako husemwa mutu na batu, si kila mtu anayajua. Mwanafunzi anaweza kuchukua fomu moja inayotumika mjini kwake, kuitafsiri, kisha kuisoma mbele ya watu wa mtaani, si mbele ya mwalimu peke yake. Wasipoelewa, airekebishe.

Tunazungumza sana juu ya kuibadili jamii. Wahenga walisema mtu ni watu. Basi tuanze na yule anayeambiwa aweke kidole: asomewe kwanza, aulize, ajibiwe, ndipo aamue kama atakiweka.