Nilimtengenezea shangazi tovuti, wazazi wakaona masanduku matupu

Desemba moja shangazi yangu, fundi wa sare za shule pale Kayole, alinitumia Sh2,500 kwa simu. Alikuwa amechoka kujibu swali moja kutwa nzima: "Sweta ni pesa ngapi?" Akaniambia, "Wewe si unashinda kwa kompyuta? Nitengenezee hiyo tovuti, Januari isinipate hivi."

Nikamwahidi wiki moja. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kutengeneza tovuti hata moja. Nilikuwa nimetazama video kadhaa YouTube, basi.

Nilikaa saiba siku nne. Nikaweka mbwembwe zote: picha zinazojibadilisha zenyewe, rangi tano, kurasa saba. Kwenye ile kompyuta, maze, ilikuwa moto! Nikaipandisha mtandaoni, nikamtumia shangazi linki, naye kwa furaha akaimwaga kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

Dakika kumi baadaye simu ikalia. "Mbona wanasema hawaoni kitu?" Nikafungua kwa simu yangu. Maandishi yalikuwa madogo kama chawa. Mahali pa picha palikuwa na masanduku matupu. Wazazi waliokuwa tayari kuagiza wakaenda kwa fundi mwingine, na shangazi akabaki na sweta alizoshona kwa pesa ya kukopa chamani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa baba, tutaona." Hiyo ndiyo iliniuma.

Nakuandikia wewe unayetaka kuanza, ili yasikupate.

Makosa yangu yalikuwa matatu

La kwanza ni anwani ya picha. Nilikuwa nimeandika njia inayoanza na C:, yaani folda iliyo ndani ya kompyuta ya saiba. Ukiwa umekaa pale unaona kila kitu. Mtu wa nje hawezi kuifikia. Dawa yake ni rahisi: tengeneza folda moja ya kazi, ndani yake weka ukurasa wako na folda nyingine inayoitwa picha. Kisha kwenye ukurasa andika picha/sweta.jpg. Na uangalie herufi. Windows haijali ukiandika Sweta.JPG au sweta.jpg, lakini seva nyingi zinaona hayo ni mafaili mawili tofauti. Zoea herufi ndogo na usiache nafasi katikati ya jina.

La pili ni uzito. Picha zangu zilitoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu, kila moja karibu MB 4. Zilikuwa 12. Piga hesabu: MB 48 kwa mtu anayetaka kujua bei ya sweta tu! Hata zingeonekana, zingemmalizia mzazi bando. Siku hizi napunguza upana hadi pikseli 800 na kuhifadhi kama JPEG, picha inashuka hadi KB 100 hivi. Zote 12 sasa hazifiki MB 2, na kwa simu huoni tofauti.

La tatu ni kusahau simu. Kuna mstari mmoja mfupi unaowekwa kwenye sehemu ya head, unaitwa viewport, unaoiambia simu itoshee ukurasa kwenye upana wa kioo chake. Usipouweka, simu inajifanya ni kompyuta na kubana kila kitu. Wateja wa shangazi wote wako kwa simu. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba bila kuuliza mlango uangalie wapi.

Anza na karatasi

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi na ujibu: anayefungua ukurasa huu anataka nini? Kwa shangazi, majibu yalikuwa manne. Unashona sare za shule gani? Bei ni ngapi? Uko wapi? Nikupigie namba gani? Basi. Hayo yanatosha ukurasa mmoja. Zile kurasa saba zilikuwa za kunifurahisha mimi.

Ukishajua hayo, huhitaji programu ya kulipia. Notepad inatosha. Andika, hifadhi faili kwa jina index.html, lifungue kwa kivinjari, uone. HTML ndiyo mifupa: h1 ni kichwa kikuu, p ni aya, img ni picha, a ni kiungo. CSS ndiyo nguo: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi. JavaScript inafanya vitu vicheze, lakini iache kwanza. Bei ya sweta haihitaji kucheza.

Kiungo kimoja kitakachokuletea heshima mtaani ni kile kinachoanza na tel: kikifuatwa na namba ya simu kuanzia +254. Mteja akikigusa, simu yake inaandaa kupiga. Hakuna kunakili namba, hakuna kukosea tarakimu.

Ukihisi ukurasa wa namna hii ni wa kishamba, kumbuka tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, mwaka wa 1991. Ilikuwa maandishi na viungo tu. Mwaka wa 1993 CERN ikaiachia dunia teknolojia hiyo bure, na kurasa za aina ile bado zinafunguka kwenye simu ya leo. Ukurasa mwepesi hauchoki haraka.

Mahali pa kuuweka

Kwa kuanzia, GitHub Pages inakuwekea ukurasa mtandaoni bila malipo. Ila kwenye akaunti ya bure mafaili yako yanakuwa wazi kwa yeyote, kwa hivyo usiweke humo nywila wala orodha ya wateja.

Mteja akitaka jina lake mwenyewe, kwa mfano linaloishia na .co.ke, hununuliwa kwa mawakala walioidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke. Linalipiwa kila mwaka, kwa hivyo mwambie mapema. Na tafadhali, lisajili kwa jina lake na baruapepe yake. Ukilisajili kwa jina lako kisha mkosane, umemshikia biashara.

Kuna jingine nililojifunza nikiwa nimechelewa. Nilikuwa nimepanga kuweka picha za watoto wakiwa wamevaa sare. Kumbe Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi unapotumia taarifa za mtoto, na sura yake ni mojawapo. Tukatundika sare kwenye hanga mbele ya ukuta mweupe, tukapiga picha asubuhi karibu na dirisha. Zilitoka safi kuliko zile za kwanza.

Mtihani wa mwisho

Kabla ya kumwonyesha mteja, zima wifi, chukua simu ya bei ya chini, ya dada au ya jirani, na ufungue ukurasa kwa bando la kawaida. Mpe mtu asiyejua kompyuta, mwambie, "Nitafutie bei ya kaptura." Usimwelekeze. Kaa kimya uangalie kidole chake. Kikizunguka zunguka, kosa si lake.

Tovuti ya pili ya shangazi ilikuwa ukurasa mmoja. Nyeupe, maandishi ya bluu nzito, jedwali la bei, picha sita, kitufe cha kupiga simu. Niliimaliza kwa siku mbili, kabla ya muhula wa pili. Shule zilipokaribia kufunguliwa alinipigia jioni. Mzazi mmoja alikuwa amempigia na hakuuliza bei. Alisema tu, "Nimeona kwa simu, nataka sweta mbili saizi 28, nakuja kesho."

Nilijaribu kumrudishia zile Sh2,500. Akakataa. "Ongeza picha ya kaptura ya kijivu," akasema. "Hiyo hukuweka."