Laptopu inakula bando? Usikimbilie kuzima kingavirusi

Ni Jumapili, saa tatu usiku. Umenunua bando la GB 1 ili utume kazi ya chuo kabla ya saa sita. Unawasha hotspoti ya simu, unaunganisha laptopu, kisha unaenda jikoni kujimiminia chai. Ukirudi, simu imeshapokea ujumbe: data yako inakaribia kuisha. Na hujafungua hata video moja!

Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Unabofya safu ya Network ili anayetumia mtandao sana apande juu. Anayepanda ana jina la kutisha: Antimalware Service Executable. Hapo ndipo wengi huteleza. Mmoja anadhani hicho ndicho kirusi chenyewe. Mwingine anajua ni kingavirusi, lakini kwa hasira anaamua kuizima ili aokoe bando.

Pole pole kwanza. Jina hilo ni la Microsoft Defender, askari anayekuja ndani ya Windows 10 na 11 bila wewe kumwajiri. Naye ana sababu ya kutumia intaneti. Virusi vipya hutokea kila siku, kwa hivyo mara kadhaa kwa siku huchukua orodha mpya ya vya kutafuta. Kwa kawaida huchukua mabadiliko tu, kitu kidogo. Lakini laptopu ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, au orodha ya zamani ikiharibika, huenda akapakua furushi zima, na hilo linapita MB 100. Akikutana na faili asilolijua, huuliza seva za Microsoft kulihusu, na mara nyingine hutuma sampuli ichunguzwe.

Sasa shida iko wapi? Laptopu haijui bando ni nini. Ikiona hotspoti yako, kwa kawaida huihesabu kama waifai ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi, basi inajipakulia masasisho yake yote bila haya. Lazima uiambie. Ingia Settings, kisha Network & internet, kisha Wi-Fi, ufungue sifa za mtandao uliounganishwa nao na uwashe palipoandikwa Metered connection. Maana yake ni kwamba mtandao huu unapimwa, kula kwa adabu. Masasisho mengi ya Windows yatasubiri. Mpangilio huu hushikamana na jina la hotspoti, kwa hivyo wewe unayebadilisha jina kila wiki ili kuwachekesha majirani, utaanza upya kila mara.

Ila kuna deni hapo. Masasisho yakisubiri, hata orodha ya virusi inaweza kuchelewa. Ukifika mahali penye waifai ya bure, chuoni au kwenye maktaba, fungua Windows Security, uingie Virus & threat protection, ubofye pa kutafuta masasisho. Ni dakika chache tu.

Tena usimhukumu askari kabla ya kuhesabu. Task Manager inaonyesha kasi ya wakati huo tu, si jumla. Ukitaka jumla, tafuta Data usage ndani ya Settings. Itakuonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30. Mara nyingi utakuta mlaji mkuu ni mwingine kabisa: OneDrive inayopandisha picha zako, au Windows yenyewe ikijisasisha. Ukiwa hapo Settings, tafuta Delivery Optimization, uzime ruhusa ya kubadilishana masasisho na kompyuta nyingine.

Na kama kweli ni Defender, siku baada ya siku, mamia ya MB? Fungua Windows Update, uangalie Update history. Ukiona sasisho lilelile la Defender limefeli tena na tena, huenda linapakuliwa upya kila mara. Hakikisha tarehe ya laptopu ni sahihi na diski haijajaa. Ikishindikana, fungua Command Prompt kama msimamizi, uingie folda ya C:\Program Files\Windows Defender, uandike MpCmdRun.exe -removedefinitions -dynamicsignatures, halafu MpCmdRun.exe -SignatureUpdate. Fanya hivyo kwenye waifai ya bure, maana kunaweza kuwa na mengi ya kupakua.

Jambo moja usilipuuze: jina linaweza kuigwa. Bofya kulia juu ya hiyo Antimalware Service Executable, uchague Open file location. Ya kweli, MsMpEng.exe, hukaa ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Platform au ndani ya Program Files. Ukiikuta kwenye Downloads au Temp, hiyo ni noma. Zima hotspoti, kisha ufanye uchunguzi kamili.

Kuhusu kuzima kingavirusi, hata haikusaidii. Ukizima ulinzi wake wa papo hapo, Windows huuwasha tena yenyewe baada ya muda mfupi. Na huo muda mfupi unatosha. Wewe si ndiye unayepeleka flashi saiba kuchapisha CV, ukirudi folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato? Bando hununuliwa tena kesho. Tasnifu ya mwaka mzima haiuzwi dukani.

Kwa usiku huu wa Jumapili, washa hiyo Metered connection, utume kazi yako kwanza. Hayo mengine fanya kesho ukiwa chuoni.