Aspirini Huanzia Daftarini

Mwaka 1853, mkemia Mfaransa Charles Frédéric Gerhardt alitengeneza asidi ya asetilisalisiliki, kemikali ambayo leo dunia nzima inaijua kwa jina la aspirini. Alichokipata hakikuwa safi, na hakikuwa dawa. Ilipita miaka 44 hadi Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, alipoitengeneza Agosti 1897 ikiwa safi na imara kiasi cha kufaa kwa mgonjwa. Mwaka 1899 ikaingia sokoni.

Jaribio hilohilo hufanywa na wanafunzi katika vyuo vikuu vingi wanapoanza maabara ya kemia ogania. Asidi ya salisiliki huchanganywa na anhidridi ya asetiki, matone machache ya asidi ya salfuriki yakatumika kama kichocheo, na flaski ikapashwa moto ndani ya maji kwa takriban robo saa. Usanisi umekwisha. Kazi kubwa, ile iliyomshinda Gerhardt, ndiyo kwanza inaanza.

Ndani ya flaski aspirini haiko peke yake. Mna anhidridi iliyozidi, asidi asetiki ambayo ndiyo asili ya ile harufu kali ya siki, asidi ya salfuriki, na mabaki ya asidi ya salisiliki ambayo hayakubadilika. Mwanafunzi aliyejiandaa anajua, kabla hajavaa koti jeupe, kila kimojawapo kitaondoka katika hatua gani. Asiyejiandaa anafuata maelekezo mstari kwa mstari, na fuwele zisipojitokeza hajui aanzie wapi kutafuta kosa.

Maandalizi huanza kwa hesabu. Tuseme anapewa gramu 2.0 za asidi ya salisiliki na mililita 5 za anhidridi. Moli moja ya asidi hiyo ina gramu 138.1, kwa hiyo ana moli 0.0145. Anhidridi, yenye uzito wa gramu 1.08 kwa mililita, inampa moli 0.053, zaidi ya mara tatu ya inayohitajika. Asidi ya salisiliki ndiyo itakayokwisha kwanza, na ndiyo inayopanga mavuno: yakienda sawasawa kabisa hayawezi kuzidi gramu 2.6 za aspirini. Mizani ikisoma gramu 2.8, hiyo si sababu ya kushangilia. Fuwele bado zina maji, au zimebeba uchafu.

Ukurasa wa pili wa daftari ni wa hatari. Mvuke wa anhidridi huwasha macho na pua, hivyo humiminwa ndani ya kabati la kuvuta hewa. Asidi kali ya salfuriki huunguza ngozi. Ethanoli itakayotumika baadaye hushika moto upesi, kwa hiyo haipashwi kwenye mwali ulio wazi.

Kisha inakuja safari ya uchafu. Maji yakiongezwa taratibu huvunja anhidridi iliyobaki na kuigeuza asidi asetiki, ambayo huyeyuka majini. Flaski inapopozwa kwenye barafu, aspirini, isiyopenda kuyeyuka katika maji baridi, huganda kuwa fuwele nyeupe. Hizo huchujwa kwa faneli ya Büchner, pampu ikivuta maji kwa chini, na kusuuzwa kwa maji kidogo ya barafu. Maji ya uvuguvugu yangeondoka na sehemu ya mavuno.

Lakini asidi ya salisiliki nayo huyeyuka kwa shida katika maji baridi, kwa hiyo kusuuza hakuiondoi yote. Hapo ndipo fuwele huyeyushwa tena katika ethanoli ya moto, kiasi kidogo tu cha kutosha, kisha maji ya moto yakaongezwa na mchanganyiko ukaachwa upoe wenyewe. Fuwele hujengeka molekuli juu ya molekuli, kama ukuta wa matofali ya kipimo kimoja: lenye umbo jingine halikai. Mchanganyiko ukipoa haraka mno, molekuli ngeni hunaswa ndani. Ethanoli ikizidi, aspirini hubaki humohumo na fuwele hazionekani. Zikichelewa, kukwaruza ukuta wa ndani wa flaski kwa kijiti cha kioo mara nyingi huziamsha.

Ushahidi wa mwisho una njia mbili. Punje chache huyeyushwa katika ethanoli na kutiwa tone la kloridi ya chuma: rangi ya zambarau ikitokea, asidi ya salisiliki bado ipo. Njia ya pili ni kiwango cha kuyeyuka. Aspirini safi huyeyuka karibu na nyuzi 135 za Selsiasi, ndani ya nyuzi moja au mbili. Yenye uchafu huanza kuyeyuka chini ya hapo na kujikokota nyuzi kadhaa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesubiri kipindi chake cha kwanza cha maabara achukue karatasi, aandike kila kitu kitakachokuwa ndani ya flaski, na mbele ya kila kimoja aandike kitatokaje. Mstari wowote utakaobaki mtupu ndio wa kumuuliza mwalimu kabla ya siku ya jaribio.