Kutoa tosheni, kuweka koilova: uzito unahamia wapi?

Gari lililoinama pua lina dawa yake ya haraka mitaani. Fundi anaingia chini na spana, anakaza bolti mbili, mbele inanyanyuka, mwenye gari analipa na kuondoka. Ndivyo zinavyotibiwa Hilux 4x4 nyingi za kabla ya Vigo, Land Cruiser 100 zilizoanza kuuzwa 1998, L200 za miaka ya tisini na hata Hiace zinazobeba abiria kutwa nzima. Chini ya pua za magari haya huoni springi ya mviringo. Kuna tosheni, yaani fimbo ya chuma cha springi iliyolala sambamba na chesisi. Kichwa chake kimoja kimeshika mkono wa gurudumu, cha pili kimefungwa kwenye boriti inayokatiza chesisi karibu na gia boksi. Gurudumu likipanda tuta fimbo inasokotwa, likishuka inarudi.

Siku chache baada ya bolti kukazwa, mwenye gari anarudi na lawama: gari linaruka, linagonga kila likipita kwenye rasta. Anajibiwa kwamba tosheni imekuwa ngumu. Haijawa ngumu hata kidogo. Ugumu wake unatokana na unene, urefu na chuma chenyewe, na bolti haigusi chochote kati ya hivyo. Unene ndio wenye sauti kubwa, kwa sababu ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Toa tosheni ya milimita 28, weka ya 30 yenye urefu uleule, na kwa milimita mbili tu umeongeza ugumu kwa karibu theluthi moja. Bolti inabadili kimo tu. Gari likinyanyuliwa kupita kiasi, mikono inaelekea chini, nafasi ya gurudumu kushuka inakwisha, na mkono wa juu unagota kwenye raba ya kikomo kila tairi linapoingia shimoni. Mgongo wa dereva hauwezi kujua tofauti, ila fundi anapaswa kuijua.

Hapo ndipo watu wanapoanza kutamani koilova, springi iliyovishwa juu ya shokapu ikawa kitu kimoja. Tamaa hiyo si ya kijinga. Toyota wenyewe walihama: Vigo ilikuja na springi ya koili mbele, na Land Cruiser 200 ya mwaka 2007 ikafuata. Nchini Marekani, Chevrolet Silverado 1500 iliacha tosheni za mbele katika toleo la 2007. Lakini ndugu zake wakubwa wa kazi nzito, 2500 na 3500, wamebaki na tosheni hadi leo, na hakuna anayeweza kudai kwamba kampuni ile haijui kutengeneza springi. Tosheni haichukui nafasi karibu na gurudumu, inaiachia njia shafti ya mbele, na kimo chake kinarekebishwa kwa spana. Vifaru vya Leopard 2 na Abrams navyo vinabebwa na tosheni. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ni teknolojia iliyokufa anakuuzia kitu. Isitoshe, waya wa springi ya koili nao ukibanwa unajisokota. Springi ile ni tosheni iliyokunjwa ikatosha mahali padogo.

Kinachobadilika kwa kweli ni njia ya uzito. Kwenye tosheni, nguvu ya kusokota inapokelewa na boriti ile ya katikati, na mzigo unakaa kwenye maungio ya mikono na chesisi. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mruko, na braketi iliyoshika kichwa chake ilitengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ukiweka koilova pale pale, braketi hiyo inakuwa nguzo ya kona nzima. Tuseme gurudumu linabeba kilo 600, na shokapu inashika mkono wa chini katikati, nusu ya safari kutoka kwenye ungio hadi kwenye gurudumu. Braketi haitabeba kilo 600, itabeba 1,200, na hapo gari limesimama tu. Ugumu nao unapotea: springi inayokaa katikati ya mkono huhisiwa na gurudumu kwa robo tu ya ugumu wake. Ndiyo maana kuokota springi ya gari jingine kwa kuangalia urefu na rangi ni kucheza bahati nasibu.

Hilux za zamani zina mtego wa ziada. Tosheni yake inashika mkono wa juu, kwa hiyo boljointi ya juu ndiyo iliyozoea kubeba, na ile ya chini ilikuwa ikiongoza tu. Koilova ikikaa kwenye mkono wa chini, majukumu yanabadilishana. Boljointi ya chini inayobebeshwa mzigo ambao haikuundiwa inaweza kuchomoka, na ikichomoka gurudumu linalala ubavuni. Kwenye Land Cruiser 100 tosheni inashika mkono wa chini, hivyo angalau shida hiyo haipo. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaouliza swali hili kabla ya kununua vifaa.

Fundi mzuri utamtambua kabla hajawasha mashine ya kuchomelea. Kwanza anapunguza bolti ya tosheni taratibu gari likiwa juu ya stendi, kwa sababu fimbo ile ina nguvu iliyofungiwa ndani inayoweza kuvunja mkono wa mtu. Kisha anaunganisha koilova bila springi, anaweka jeki chini ya mkono, anapandisha gurudumu hadi mwisho na kulishusha hadi mwisho, huku msaidizi anazungusha usukani kushoto mpaka ugome, kulia mpaka ugome. Anachungulia na tochi: je, mwili wa koilova unagusa shafti ya mbele? Mpira wa breki unavutika? Mkono wa juu unakwaruza koili? Shokapu nyembamba ilikuwa inapita bila shida, ila koili ni pana na nafasi ile ni finyu. Ndipo anachora braketi mpya, bamba nene linalokumbatia chesisi pande mbili na kusambaza mzigo, siyo kipande kilichobandikwa juu ya bamba la zamani. Na haikati ile boriti ya katikati kabla ya kuhakikisha kwamba haishiki gia boksi.

Faida ipo, tena kubwa, kwa anayeihitaji. Mwenye gari la safari ndefu za porini, aliyefunga bampa la chuma na winchi, anaweza kuchagua springi inayolingana na uzito wake halisi, na akibadilisha na mikono anapata mwendo mrefu zaidi wa gurudumu. Tumbo la gari nalo linabaki huru. Ila kwa Hilux ya kubeba saruji au Land Cruiser VX ya kwenda kijijini mwisho wa mwaka, ningeanza na bushi mpya, shokapu nzuri, raba za vikomo, na bolti irudishwe kwenye kimo cha kiwanda. Kama tosheni zimelegea kweli, zinunuliwe nyingine. Zinapofungwa, ya kushoto isiwekwe kulia, kwani kila moja imeundiwa upande wake wa kusokotwa, na mkwaruzo wa patasi kwenye rangi yake unatosha kuwa chanzo cha ufa.

Aliyekwisha kubadilisha asiridhike na alaimenti peke yake. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, bolti zote zikazwe upya, na braketi zisuguliwe matope na kuangaliwa kwa tochi pembeni mwa mishono. Rangi ikionyesha mstari mwembamba wa kutu, gari lisitoke tena gereji siku hiyo.